Je, Jina la Mzee Wako Limeandikwa?

SOMO LA FAMILIA

Mafungu ya kusoma pamoja nyumbani: Matendo 6:1-7, Marko 7:9-13, Luka 10:30-35, 1 Timotheo 5:4-8 na 16.



Tunawasalimu ninyi nyote mlio hapa Kigali, kuanzia Kimisagara na Nyamirambo hadi Gikondo na Kabuga, pamoja na ndugu zetu wa Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa na Mahama ambao karatasi hizi huwafikia kwa mkono wa wasafiri. Somo la mwezi huu si la kupigiwa makofi. Ni somo la karatasi, majina na faranga. Lakini tukilielewa vizuri, linaweza kumwokoa mama yako.

Tuanze kwa kukiri kosa letu sisi viongozi. Mwaka fulani, mwezi wa nane, mama mmoja mzee wa kanisa letu aliugua. Alikuwa mjane, amevuka mpaka na wajukuu wake, na kila alfajiri alikuwa wa kwanza kufika kwenye maombi. Kifua kilimbana, miguu ikavimba. Mtoto wake alikuwa amelipia mituweli ya mke na watoto. Mama hakulipiwa, kwa sababu kila mmoja katika ukoo alidhani mwingine amelipa. Mtoto alidhani mama analipiwa na shirika. Binti yake alidhani yuko kwenye karatasi ya kaka. Sisi wachungaji hatukuuliza. Mama alipoona bei ya vipimo, aliomba arudishwe nyumbani ili asiwaletee watoto deni. Alikaa majuma matatu kitandani akinywa dawa za kuokoteza. Alipofariki, kanisa lilichanga fedha za jeneza kwa siku mbili tu.

Tulipokaa baadaye na kupiga hesabu, tuliona aibu. Fedha za jeneza lile zingelipa mituweli ya yule mama kwa miaka mingi. Tulikuwa wepesi kumzika na wazito kumtibu. Hatusemi kwamba kadi ingemzuia asife, maana siku zetu zimo mikononi mwa Mungu. Tunasema kwamba alikufa akiogopa kuwa mzigo, na hofu hiyo tungeweza kumwondolea.

1. NENO LINATUFUNDISHA NINI

Someni Matendo sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na chakula na lilikuwa na upendo, lakini wajane fulani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Wajane gani? Wale waliosema lugha nyingine, waliotoka ugenini. Mkono wa kanisa ulitoa kila siku, ila majina yao hayakuonekana. Mitume hawakusema, "Wajane wavumilie." Walichagua watu saba wenye sifa njema, wakawapa kazi hiyo. Dawa ya manung'uniko ilikuwa orodha nzuri na watu waaminifu wa kuishika.

Wazee wetu wako katika hali ileile. Nyanya aliyezoea Kiswahili cha Uvira au Kibembe chake cha mlimani hawezi kusoma tangazo lililobandikwa kwa Kinyarwanda kwenye mlango wa kituo cha afya. Ujumbe wa simu ukija, simu iko kwa mjukuu. Kwa hiyo anasahauliwa bila mtu yeyote kumchukia.

Tena Marko 7 inatuonya. Bwana aliwakemea watu waliosema kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao wameiweka wakfu kwa Mungu, wakadhani wameshamaliza haki yote. Ndugu, ukiahidi vyombo vya muziki kanisani huku mama yako hana kadi, usiseme umemtolea Mungu. Sisi wachungaji tuwe wa kwanza kukuambia: mlipie mama kwanza.

2. MITUWELI NI NINI, NA ILITOKA WAPI

Mituweli ni bima ya afya ya jamii. Watu wote wanachanga kidogo kila mwaka, wazima na wagonjwa, na fungu hilo linamtibu anayeugua. Kwetu Kongo tunaijua likelemba, ambapo kila mmoja hupata zamu yake. Katika mituweli zamu haipangwi, anayeipata ni yule ambaye ugonjwa umemfikia. Ukimaliza mwaka bila kuugua, mchango wako haukupotea, umemtibu jirani.

Hapa Rwanda ilianza kwa majaribio mwaka 1999 katika sehemu za Byumba, Kabgayi na Kabutare, wakati nchi ilikuwa bado inainuka kutoka katika mauaji ya kimbari ya 1994 na watu wengi hawakuwa na fedha ya kumwona daktari. Ilipoonekana inafaa, ilienezwa nchi nzima, na sheria yake ikatolewa mwishoni mwa 2007. Tangu Julai 2015 inasimamiwa na RSSB, shirika la serikali linaloshughulika pia na pensheni. Sheria nyingine ya mwaka huo wa 2015 inamtaka kila mtu anayekaa katika nchi hii awe na bima ya afya, awe mwenyeji au mgeni.

Na sisi wakimbizi je? Kwa miaka mingi mkimbizi wa mjini alitibiwa kwa msaada wa mashirika peke yake. Mwaka 2019 serikali ya Rwanda na UNHCR walikubaliana, na wakimbizi wa mijini, wa Kigali na Huye, wakaanza kuingizwa katika mituweli hiyohiyo ya wananchi. Jambo hili ni kubwa. Maana yake, mzee wako akifika kituo cha afya na kadi yake, anapanga foleni moja na mwenyeji, anaandikwa katika kitabu kimoja, analipa kiasi kilekile.

3. NJIA ZILIZOPO KWA MZEE

Wengi wanatuuliza, "Pasta, serikali ina bima gani ya wazee?" Jibu ni kwamba hapa Rwanda hakuna bima ya wazee peke yao. Mzee anaingia katika bima kwa mlango wa familia yake au wa kazi aliyofanya zamani. Kwa hiyo tuzitazame njia moja moja.

Ya kwanza ni mituweli, ambayo tumeieleza. Hii ndiyo njia ya wazee wetu karibu wote walio mjini. Haikatai mtu kwa sababu ya umri, wala haimwulizi kama tayari ana sukari au presha. Hilo ni neema kubwa, kwa maana kampuni za bima za binafsi mara nyingi huweka kikomo cha umri, au hupandisha bei mtu akizeeka.

Ya pili ni bima ya wafanyakazi wa mshahara, ile ambayo wengi bado wanaiita RAMA. Ilianzishwa kwa sheria ya 2001 kwa ajili ya watumishi wa serikali, na sasa imo ndani ya RSSB. Mfanyakazi anakatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na mwajiri anaongeza asilimia 7.5. Bima inalipa asilimia 85 ya matibabu, mgonjwa analipa 15. Angalieni sana hapa: bima hii inamchukua mfanyakazi, mke au mume wake, na watoto wake. Haiwachukui wazazi wake. Tuna vijana waliopata kazi nzuri, wakadhani mama ameingia humo. Hakuingia. Kijana wa namna hiyo inampasa amlipie mama yake mituweli kando.

Ya tatu ni bima ya wanajeshi, MMI, iliyowekwa kwa sheria ya 2005. Hiyo haituhusu sisi, tunaitaja tu ili mkiisikia msichanganyikiwe.

Ya nne ni ya ndugu zetu wa kambini. Huko matibabu ya kwanza hutolewa katika kituo cha afya cha kambi, kwa msaada wa UNHCR na washirika wake, na mgonjwa akizidiwa anaandikiwa kwenda hospitali ya wilaya. Mzee wa kambini anayekuja Kigali kumtembelea mtoto wake aelewe kwamba utaratibu wake umebaki kambini. Akipanga kukaa muda mrefu, akaulize kwanza ofisi ya kambi kabla ya kupanda basi. Na kama anameza dawa za kila siku, aombe za kutosha siku zote za safari.

4. MITUWELI INALIPA NINI, NA MGONJWA ANALIPA NINI

Mwaka wa mituweli hauanzi Januari. Unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mtu aliyelipa mwezi wa tano akifurahi kwamba ana mwaka mzima, amejidanganya. Kadi yake inakufa Juni inapokwisha.

Katika mageuzi ya mwaka 2011 michango iliwekwa kwa ngazi: kundi la maskini kabisa faranga 2,000 kwa mtu kwa mwaka, na hizo zililipwa kwa ajili yao; makundi ya katikati faranga 3,000; kundi la wenye uwezo faranga 7,000. Serikali hupanga viwango upya inapoona vema, kwa hiyo msilipe kwa kufuata kumbukumbu za zamani. Kila mwezi wa sita, ulizeni kwa wakala wa Irembo au kwa mtu wa mituweli katika kituo cha afya kiwango cha mwaka unaoanza.

Mchango wa mwaka si mwisho wa kulipa. Siku ya kuugua, mgonjwa anatoa sehemu yake, inayoitwa tike moderateri. Utaratibu tuliouzoea ni faranga 200 katika kituo cha afya, na asilimia 10 ya hesabu yote katika hospitali. Tutoe mfano. Mzee amelazwa hospitali ya wilaya, na hesabu imefika faranga 120,000. Akiwa na mituweli atalipa 12,000. Asipokuwa nayo, zote 120,000 ni zake. Kwa hiyo familia yenye hekima inalipa mchango, halafu inaweka akiba ndogo ya ile asilimia 10. Tumewaona wagonjwa wenye kadi nzuri waliokaa hospitali siku tatu zaidi, wamepona, wakisubiri ndugu walete sehemu iliyobaki.

Ndani ya mituweli mzee anapata nini? Anaonwa na muuguzi au daktari, anapimwa, analazwa, anapasuliwa, anapewa dawa zilizo katika orodha. Ugonjwa wa presha, ambao sisi tunauita tansioni, na ugonjwa wa sukari hutibiwa mwezi kwa mwezi. Macho pia. Miaka ya karibu na 2017 wauguzi wa vituo vya afya nchi nzima walifundishwa kupima macho, kwa hiyo nyanya asiyeona kusoma Biblia aanzie kituo cha afya, asianzie kwa muuza miwani wa barabarani. Mara nyingine ni mtoto wa jicho, na huo hutolewa kwa upasuaji mfupi.

Kuna jambo jipya pia. Mwezi wa kwanza 2025 Baraza la Mawaziri lilikubali kuongeza matibabu makubwa katika mituweli. Miongoni mwake ni kusafisha na kupandikiza figo, upasuaji wa moyo, matibabu zaidi ya saratani, na kubadilishiwa goti au nyonga. Haya ni magonjwa ya wazee hasa. Kama mzee wako aliambiwa miaka iliyopita kwamba ugonjwa wake haumo, mrudishe kwa daktari, mkaulize tena.

Na nini haimo? Dawa mliyojinunulia famasi kwa hiari yenu mtailipa wenyewe. Nauli ya kwenda hospitali ni yenu. Na mituweli hailipi mazishi.

5. NGAZI YA MATIBABU

Hapa ndipo watu wengi wanapoangukia. Mituweli ina ngazi, na ngazi hupandwa kutoka chini. Ya kwanza ni kituo cha afya cha sehemu unayokaa. Kikishindwa kinakuandikia karatasi ya taransferi kwenda hospitali ya wilaya. Hospitali ya wilaya ikishindwa inakuandikia taransferi nyingine kwenda hospitali kubwa kama CHUK. Ukiruka ngazi, ukaenda moja kwa moja CHUK kwa sababu jirani amekusifia daktari, utaambiwa ulipe yote, na kadi unayo mkononi.

Dharura ni kitu kingine. Mzee akianguka na upande mmoja wa mwili ukafa ganzi, au akishindwa kupumua, msikae kutafuta karatasi. Pigeni simu 912 kuomba gari la wagonjwa, au mpelekeni hospitali ya karibu mara moja, na karatasi itafuatwa na ndugu mwingine.

Tena mzee asiende peke yake. Aende na mtu anayejua Kinyarwanda vizuri, naye achukue kitambulisho cha mkimbizi, kadi au namba yake, daftari la matibabu, na dawa zote anazomeza, hata za mitishamba. Muuguzi akiuliza, mwacheni mzee mwenyewe aseme maumivu yake, kisha mtafsiri. Kumsemea mzee kila kitu ni kumnyima heshima, na mara nyingine ni kuficha ugonjwa ambao aliona haya kuwaambia watoto.

6. MAKOSA TULIYOYAONA KATIKA FAMILIA ZETU

Kosa la kwanza ni kulipia nusu ya nyumba. Mituweli inahesabu watu wote wa nyumba moja. Ukiandikisha watu 7 na kulipia 5, mnaweza kuzuiwa ninyi nyote, hata wale 5. Wazee wawili wanaoachwa "kwa sasa" wanaweza kuifunga kadi ya mtoto mchanga.

Kosa la pili ni kudhani. Mwanzoni, mwaka 2019, UNHCR ililipa michango ya wakimbizi wa mjini, na tukazoea. Lakini msaada wa mwaka mmoja si ahadi ya miaka yote. Msiseme, "Tunalipiwa," mpaka mmeuliza na kuona jina.

Kosa la tatu ni majina. Nyanya ameandikwa kwa herufi moja katika karatasi ya UNHCR na kwa herufi nyingine katika kitambulisho. Au bado yuko katika karatasi ya mtoto aliyehama Kigali. Au kitambulisho kimeisha muda. Mambo haya yanatengenezwa, lakini hayatengenezwi usiku mgonjwa akiwa mlangoni. Tengenezeni mzee akiwa mzima.

Kosa la nne ni kungoja ugonjwa. Wapo wanaosema, "Mama ana nguvu, tutalipa akiugua." Presha haina kelele. Mtu anaweza kuwa nayo miaka kumi akilima na kuimba, mpaka siku inapomwangusha. Mzee apimwe presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka. Hapa Kigali kuna pia ile Jumapili ya barabara bila magari, iliyoanza 2016, ambapo watu hufanya mazoezi na kupimwa. Mpelekeni mzee, kisha mje kanisani pamoja. Hatutawagombeza kwa kuchelewa siku hiyo.

7. JE, BIMA NI KUKOSA IMANI?

Swali hili limeulizwa katika vikundi vya nyumbani, na hatulidharau. Ndugu mmoja alisema, "Bwana ndiye mponyaji, kwa nini nilipie ugonjwa ambao sijaupata?"

Tumtazame Msamaria wa Luka 10. Alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake. Hakuishia hapo. Alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili kabla ya kuondoka, kwa siku ambazo hazijafika, na akaahidi kwamba gharama ikizidi atalipa akirudi. Malipo ya mbele na malipo ya nyongeza! Ni kama mchango wetu wa mwaka na tike moderateri. Na Bwana Yesu hakumwita mtu asiye na imani, alimtoa awe mfano wa jirani mwema.

Tutaendelea kuwawekea wazee mikono na kuwaombea. Lakini tukimwombea mzee mwenye kikohozi cha miezi miwili na tusimpeleke kupimwa, hayo si maombi ya imani, ni uzembe uliovaa kanzu.

8. HABARI ZINAZOTUJIA KUTOKA NCHI NYINGINE

Watu wetu wametawanyika, na kila mmoja hutuma habari za kwake kwa simu. Ndipo tunasikia, "Huko kwingine wazee wanatibiwa bure." Tuzipime habari hizi.

Ndugu waliokwenda Marekani wanataja Medicare. Ni kweli, ni bima ya serikali iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1965, na kwa kawaida mtu huingia akifika miaka 65. Lakini ile sehemu ya hospitali huwa bila ada ya mwezi kwa yule aliyefanya kazi na kukatwa kodi yake kwa karibu miaka 10, au aliye na mume au mke wa namna hiyo. Mzee anayefika huko na miaka 70, hajafanya kazi huko, hana haki hiyo mara moja. Akitaka kuinunua, inampasa kwanza awe na kibali cha ukaaji wa kudumu na awe amekaa miaka 5 mfululizo. Kwa hiyo mzee anayengojea safari asiache matibabu yake hapa akisema, "Nitatibiwa huko."

Tanzania ina sera ya kuwatibu bila malipo wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, lakini ni lazima watambuliwe kwanza. Kenya ilibadilisha NHIF yake Oktoba 2024, ikaweka SHA, na kila mtu inampasa kujiandikisha upya. Mnaona jambo moja katika nchi zote? Popote pale, mlango unafunguliwa kwa jina lililoandikwa. Aliyesahauliwa katika orodha anabaki nje, hata sheria ikiwa nzuri namna gani.

9. TUTENDE NINI SASA

Baada ya ile aibu yetu, tuliomba, halafu tukapanga. Tunawaandikia mpango huu ili kanisa lingine likiupenda liuchukue.

Kwanza, tulichagua ndugu wawili na dada wawili kuwa watunza orodha. Mwezi wa tano wanapita nyumba kwa nyumba, wanauliza maswali matatu tu: Mzee yuko katika karatasi ya nani? Kitambulisho chake kinaisha lini? Nani atamlipia mwaka huu? Swali la tatu lijibiwe kwa jina la mtu mmoja. "Sisi wote" si jibu.

Pili, tulianzisha kimina cha mituweli, kama wenyeji wafanyavyo. Chukueni mfano wa familia ya watu 7 yenye mchango wa faranga 3,000 kwa mtu. Mwaka mzima ni 21,000. Ukizitafuta siku moja, ni mlima. Ukiziweka kidogo kidogo, ni 1,750 kwa mwezi. Dada anayeuza mboga anaweza kuziweka, na dada huyo ametufundisha sisi wenye vyeo.

Tatu, tuliweka utaratibu kwa wajane wasio na mtoto hapa. Paulo anafundisha kwamba wenye ndugu wasaidiwe na ndugu zao, ili kanisa liweze kuwasaidia walio wajane kweli. Kwa hiyo tunamfuata mtoto kwanza, kwa upole lakini bila kumkwepa. Asiye na mtu ni wa kanisa, na mchango wake unalipwa kabla ya tarehe 30 Juni, kabla ya kununua viti wala vipaza sauti.

Nne, kila mzee amepewa kijana wa kumsindikiza hospitali. Vijana wetu wamesoma shule za hapa na Kinyarwanda wanakijua kuliko sisi. Hiyo ni huduma, sawa na kuimba kwaya.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni nani mwenye umri mkubwa kuliko wote? Tumeiona kadi yake kwa macho, au tunadhani tu?
2. Kwa nini wajane wa Matendo 6 walisahauliwa? Ni wazee gani katika kanisa letu wanaofanana nao?
3. Mwaka uliopita tulichanga kiasi gani kwa mazishi, na kiasi gani kwa matibabu ya walio hai?
4. Mzee wetu akizidiwa usiku wa leo, karatasi zake ziko wapi, na nani atakwenda naye?

Wazee wetu, na ninyi tunawaomba neno moja. Msifiche maumivu ili kuwahurumia watoto. Mlitubeba mgongoni tulipokimbia. Wengine mliacha mashamba na makaburi ya wazazi wenu ili sisi tuishi. Kadi hii si sadaka mnayopewa na watoto, ni deni letu kwenu. Tuacheni tulilipe mngali mnatusikia tukiwaita mama na baba.

Bwana wa wajane na wageni awatunze. Tukutane katika maombi ya alfajiri, na mwezi wa tano mkiwaona watunza orodha mlangoni, wafungulieni.